Naomba ushauri: wazazi wanauliza kuhusu kupandikiza seli za kongosho

Wakuu, wazazi wa watoto wenye kisukari aina ya kwanza, Kigoma mjini hadi Kasulu, wanauliza kama kupandikizwa seli za kongosho (zile zinazotengeneza insulini) kutawaondolea sindano za insulini. Maelezo tunayo: seli hutolewa kwenye kongosho la marehemu na kuingizwa kwenye ini kupitia mshipa wa damu, mara nyingi kongosho moja halitoshi. Marekani iliidhinisha mwaka 2023, kwa watu wazima tu ambao sukari hushuka vibaya mara kwa mara. Shida ni dawa za kushusha kinga: ukiziacha, mwili unaua seli, ukizimeza, maambukizi hunyemelea na figo huumia. Kwa mtoto, insulini bado ndiyo afadhali (wengi hawapendi kusikia hilo). Mnaoongea Kiha, hizo dawa za kushusha kinga mnazielezaje kijijini bila kuwakatisha watu tamaa?