Naitiwa kazi ya jikoni kambi ya Wamarekani Kuwait, waliofika nisaidieni mawazo

Mpishi_Likoni:
Asalaam aleikum wakuu. Mimi ni mpishi wa hoteli ya watalii huku Pwani, msimu ukiharibika tunaambiwa tukapumzike nyumbani, mshahara hakuna. Sasa kuna wakala wa Nairobi anasema ana nafasi Camp Arifjan, ile kambi kubwa ya jeshi la Marekani kusini mwa jiji la Kuwait. Mkataba miaka miwili, malipo kwa dinari. Na dinari moja inazidi shilingi 400 zetu, kwa hiyo ukipiga hesabu kichwani unaona nyumba imeshaezekwa.

Yanayonitatiza: wakala anataka laki moja na nusu "ya kushughulikia faili". Halafu karatasi imesema tu "chakula na malazi juu ya mwajiri". Ni kilekile tunachowapikia askari, au? Tena mimi Mwislamu, na nasikia Mmarekani asubuhi haendi bila bekoni. Mke wangu kasema nisitie sahihi mpaka nijue. Naomba ya walioona, si ya kusikia.

Sahani_Moto:
Waaleikum salaam. Mimi nilipika Kandahar, Afghanistan, mpaka Wamarekani walipoondoka 2021. Mesi yao inaitwa difaki, lizoee hilo jina. Milo ni minne, wa nne ni wa saa sita usiku kwa walio zamu. Mlangoni kuna masinki ya kunawa na jamaa ameshika kidude cha kuhesabia vichwa. Ndani kuna laini ya vyakula vya moto, upande wa baga na chipsi, meza ya saladi, aiskrimu. Ijumaa steki na kambakoche. Kambakoche jangwani, ndugu yangu!

Ufundi wako wa pilau uache Likoni. Mapishi ya jeshi lao yako kwenye kadi, kila kadi ni ya sahani 100, chumvi imeshapimwa, huongezi hata punje ya pilipili manga. Kinachokupa heshima pale ni kipimajoto. Unamchoma kuku katikati, asipofika nyuzi 74 anarudi jikoni. Chakula kilicho kwenye laini nacho kisishuke chini ya 57. Nilishaona supavaiza anamwaga trei nzima ya mabawa ya kuku, yanatoa moshi bado, kwa sababu karatasi ya vipimo haikujazwa kwa wakati. Roho iliniuma, kwetu huko hiyo ni harusi.

Bekoni ipo. Nilimwambia supavaiza mapema, asubuhi nikapangwa matunda na mayai. Wenzangu wengine walikaa kimya wakajikuta wanageuza nguruwe na glavu mbilimbili. Ramadhani ule mlo wa usiku ndio uliokuwa daku yetu.

MamaZuu:
Kaka Sahani, Kandahar mlilala ndani ya kambi. Kuwait wengi wanalala nje ya kambi, mitaa ya Mahboula, Mangaf, Fahaheel, basi linawachukua alfajiri. Baba Zuu yuko huko jikoni mwaka wa pili huu. Kampuni yake hairuhusu wafanyakazi kugusa chakula cha difaki, kinachobaki kinatupwa. Wao wanaletewa wali na dengu kwenye vibakuli vya plastiki, siku ya samaki miiba ni mingi kuliko nyama. Anakata steki mchana kutwa, akirudi chumbani anasonga ugali, na unga wenyewe anangoja wanaotoka likizo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiulize "chakula kipo?" Uliza unapikiwa nini, wapi, au unapewa pesa ya chakula kiasi gani. Malazi vilevile. Juni 2024 jengo la wafanyakazi liliungua hapo Mangaf, wakafa watu karibu 50, wengi wao Wahindi. Uliza chumba kimoja mnalala wangapi na ngazi ya kutokea ikoje.

Kijiwe_Feri:
Laki na nusu? Nunua karai, uza viazi karai hapo feri, utajiri wako huu hapa.

Mzee_Mkataba:
Tuache utani kidogo. Septemba 2012 Rais Obama alitia sahihi amri ya kuzuia biashara ya watu kwenye zabuni za serikali yao, na inawabana hata wakandarasi wadogo walio chini ya wale wakubwa. Mfanyakazi hatozwi ada ya kuajiriwa, pasipoti haishikiliwi, na mtu aliyeletwa kutoka nje anagharamiwa safari ya kurudi kazi ikiisha. Huyo wakala anakuuzia kitu ambacho wenye kambi wenyewe wamekataza kuuzwa. Jina lake litafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Uliza pia bima. Wana sheria ya tangu 1941, Defense Base Act, inayolipa raia wa nchi yoyote anayeumia au kufa kwenye kazi hizi. Na hatari si hadithi: Juni 2025 Iran ilirusha makombora kwenye kambi ya Al Udeid, Qatar.

Mwajiri wako ni nani lakini? Jeshi la Marekani halikuajiri wewe.

Mpishi_Likoni:
Nimempigia sasa hivi. Kasema jina la kampuni nitalijua nikifika. Nilipomuuliza chumba wangapi, akasema mimi ninauliza kama polisi.

Mzee_Mkataba:
Hapo huna mkataba, una tiketi. Usitoe hata shilingi. Mwambie akutumie jina la mwajiri na masharti kwa maandishi, kwa lugha unayoielewa. Akinuna, endelea na hoteli huku ukitafuta wakala mwingine.

MamaZuu:
Na ukimpata wa kweli niambie mapema. Nina unga na dagaa wa kumpelekea Baba Zuu.