Naomba ushauri: Marehemu baba ameacha bastola yenye kitabu (leseni), baba mdogo anataka kuondoka nayo

BintiMkwawa_Moro

Wakuu, habari za muda huu.

Baba yetu alifariki mwezi uliopita hapa Morogoro. Alikuwa na mashine za kukoboa mpunga na msimu wa mavuno alitembea na fedha nyingi za kununulia kwa wakulima. Ndiyo maana miaka ya nyuma aliomba bastola akapewa kihalali. Kitabu chake kipo, na mwaka 2016 nchi nzima ilipotakiwa kuhakiki silaha naye aliipeleka polisi ikahakikiwa.

Kikao cha ukoo kimenipendekeza mimi niwe msimamizi wa mirathi na shauri tumeshafungua Mahakama ya Mwanzo, tunasubiri. Juzi tukafungua sefu ya marehemu mbele ya mama. Bastola imo, na boksi la risasi limo.

Sasa baba mdogo anasema silaha ya mwanamume haiachwi mikononi mwa mwanamke, Jumamosi anaondoka nayo kwa basi kwenda Ifakara. Mdogo wangu wa kiume, ana miaka 23, anasema ni yake kwa sababu ndiye anayeendesha mashine na hatari aliyokuwa nayo baba sasa anayo yeye. Mama hataki hata kuisikia.

Naomba kujua: je, bastola inarithiwa kama shamba? Kitabu cha marehemu bado kinatulinda? Na tukiipeleka polisi, kuna uwezekano wa kuipata tena kwa njia ya halali?

Mkulima_Dakawa

Pole na msiba dada. Ushauri wangu kaa nayo kimya. Vitu vikiingia kituoni havirudi, na mkija kuvamiwa pale mashineni mtajuta.

WakiliWaKihonda

Pole sana kwa msiba. Naomba usiufuate ushauri wa hapo juu, na nitaeleza sababu kwa kirefu kidogo maana familia nyingi zinaingia matatani hapa bila kukusudia uovu wowote.

Tenganisha vitu viwili. Kuna bastola kama mali, na kuna ruhusa ya kuwa nayo. Bastola kama mali ni sehemu ya mirathi: ina thamani, iorodheshe kwenye Fomu Na. 5 pamoja na mashine na viwanja ukishateuliwa. Lakini ruhusa alipewa baba yako yeye kama yeye, baada ya kuchunguzwa tabia yake, akili yake na sababu yake ya kuhitaji silaha. Ruhusa hiyo imekwisha siku alipofariki. Kitabu chake kinathibitisha kwamba silaha iliingia nyumbani kwenu kihalali, na hilo litawasaidia sana mkiisalimisha mapema. Hakimpi yeyote kati yenu haki ya kuishika, wewe msimamizi ukiwemo.

Sheria inayotumika ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kinachowaponza watu ni kwamba kosa la kukutwa na silaha bila leseni limewekwa pia kwenye Jedwali la Kwanza la Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Na tangu marekebisho ya 2016, anayetiwa hatiani kwa makosa ya jedwali hilo anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Hebu fikiria mzee wa watu anakaguliwa begi kwenye kizuizi cha barabarani, anakutwa na bastola ya marehemu kaka yake na risasi zake. Atamweleza nini askari? Kwamba ni ya ukoo?

Kuhusu mdogo wako: sheria hiyo inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25. Kwa sasa hana pa kuanzia, hata sababu yake iwe nzuri kiasi gani.

Mstaafu_Kilakala

Bintiyangu pole. Nimefanya kazi jeshi la polisi mpaka nikastaafu, na silaha za marehemu nimezipokea mara nyingi. Fanya hivi, na ufanye kabla ya hiyo Jumamosi.

Usiiguse. Usijaribu kutoa magazini ili uhakikishe haina risasi, wala usimruhusu kijana aliyeona kwenye sinema. Risasi inaweza kubaki kwenye chemba hata magazini ikishatoka. Funga sefu, ufunguo akae nao mama.

Nenda kituoni MIKONO MITUPU. Chukua kitabu cha marehemu, cheti cha kifo au kibali cha mazishi kama cheti hakijatoka, na muhtasari wa kikao cha ukoo. Ongozana na mwenyekiti wa mtaa. Omba kuonana na OCS (mkuu wa kituo), mweleze kwamba marehemu alikuwa mmiliki halali na silaha ipo nyumbani imefungiwa, mnaomba askari waje waichukue. Usiibebe kwenye mkoba wala bodaboda.

Wakija, dai maandishi. Hati ya makabidhiano iwe na aina ya silaha, namba yake (uilinganishe wewe mwenyewe na ya kwenye kitabu), idadi ya risasi, jina na cheo cha aliyepokea, sahihi na muhuri. Toa nakala, moja peleka kwenye jalada la mirathi. Wanaosema silaha hairudi, wengi wao walikabidhi kwa mdomo tu.

Mkulima_Dakawa

Hilo la miaka 20 sikulijua kabisa. Nafuta ushauri wangu. Dada fuata wa mzee Mstaafu.

Nyambura_Nakuru

Pole sana dadangu. Huku Kenya nako cheti ni cha mtu, si cha familia. Desemba 2018 serikali iliagiza hata waliokuwa na vyeti halali wakaguliwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha. Kama mwenye cheti anaweza kuitwa ajieleze upya, aliyeachiwa na marehemu atasemaje?

BintiMkwawa_Moro

Asanteni sana. Wakili, na kama baadaye mtu wa familia mwenye umri unaofaa akiitaka? Kaka yetu mkubwa ana miaka 38, yuko Mvomero. Na baba mdogo nimwambieje? Ni mkubwa wangu, siwezi kumfokea.

WakiliWaKihonda

Kaka anaweza kuomba, lakini ataomba kama mtu mpya kabisa. Anaanzia serikali ya kijiji au mtaa anakoishi, wanaomfahamu wakae wamjadili na muhtasari uandikwe. Anapanda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, halafu ngazi ya mkoa, mpaka kwa Msajili wa Silaha. Atachukuliwa alama za vidole na atatakiwa kuonyesha kwamba anajua kuitumia na kuitunza. Kuwa mtoto wa marehemu hakumwongezei alama. Kinachopimwa ni hitaji lake yeye: kama hashughuliki na mashine wala fedha, ataandika sababu gani?

Akinyimwa, au msipomwona anayefaa, iacheni serikalini moja kwa moja, kwa maandishi, na mahakama ijulishwe. Nami kwa maoni yangu, fedha za wakulima siku hizi zipitishieni kwenye simu na benki. Kijana wa miaka 23 mwenye bastola na mfuko wa fedha ndiye majambazi wanayemtafuta, maana wanapata vyote viwili.

Mama_Mikese

La baba mdogo usilibebe peke yako. Mwombe shangazi au mzee anayemheshimu amwambie. Tena mpeni nafasi: awe yeye anayeongozana na mwenyekiti kwenda kituoni na kuweka sahihi ya shahidi kwenye makabidhiano. Anachodai ni kutambuliwa kwamba sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Hilo mnaweza kumpa siku ya arobaini mbele ya watu wote, bila bastola.

BintiMkwawa_Moro

Mrejesho: Shangazi alizungumza naye jana usiku, amekubali. Leo asubuhi tumekwenda watatu, yeye, mimi na mwenyekiti. Askari walikuja nyumbani, wakaikagua, risasi zikahesabiwa mbele yetu na namba imelingana na ya kwenye kitabu. Hati ninayo, ina muhuri, na baba mdogo amesaini kama shahidi. Kaka amesema hataomba. Jumatatu napeleka nakala mahakamani.

Mstaafu_Kilakala

Vizuri sana. Hicho kitabu cha marehemu nacho kimebaki kwenu au mmekikabidhi? Kama mnacho, toa nakala ya kila ukurasa, halafu kirudishe na chenyewe, kiandikwe kwenye hati hiyohiyo.

BintiMkwawa_Moro

Kimebaki kwa mama. Nakipeleka Jumatatu hiyohiyo, mzee wangu.