Reli za droo kwenye kabati la boksi: kutoa za vijigurudumu, kuweka za gololi

MtiMkavu (Tanga)
Wakuu, habari za kazi. Nina kabati la droo nne, yale yanayokuja kwenye boksi unayaunga mwenyewe. Chipbodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) ya mm 16 yenye melamini, ile ngozi ngumu ya juu. Upana wa ndani mm 468, kina mm 385 hadi kwenye hadibodi ya nyuma. Droo zina upana wa nje mm 443, mbavu unene mm 12 na kimo mm 120, kwenda nyuma mm 350. Uso wa droo unafunika kingo za kabati. Reli ni zile nyeupe za vijigurudumu vya plastiki. Droo ikijaa nguo inainamia mbele ukiivuta, na skrubu zimeshalegea kwenye chipbodi. Dukani kuna nyeupe mpya kama hizi, za gololi (reli za chuma zenye vipira vya chuma ndani) zinazojifunga taratibu, na za kujificha chini ya droo. Zipi zitaingia bila kuunda droo upya? Na matobo yaliyolegea niyafanyeje?

Keekee32
Za kujificha zitoe kwenye hesabu. Nyingi zinadai upana wa ndani wa droo uwe uwazi wa kabati kutoa mm 42, tena sakafu ya droo iwe imepanda kama mm 13 kutoka ukingo wa chini wa ubavu. 468 kutoa 42 ni 426. Droo yako ndani ina 419 tu (443 kutoa mbavu mbili za 12). Hizo mm 7 huzipati kwa kubandika kitu.

Nyeupe mpya zitaingia leo hii, ila ugonjwa utabaki. Reli ya aina hiyo ina gurudumu moja mbele kabatini na jingine nyuma ya droo. Kadiri unavyovuta, magurudumu hayo mawili yanakaribiana, mzigo wote unaegemea la mbele, na nafasi ndogo iliyopo kwenye mfereji ndiyo inayoifanya droo iiname. Halafu hufunguka robo tatu tu.

Chukua za gololi, kimo mm 45, urefu mm 350. Zinafunguka mwisho kabisa. Usiamini inchi zilizoandikwa: inchi 14 kamili ni mm 355.6, lakini nyingi zinazouzwa kwa jina hilo zina 350. Pima chuma chenyewe. Na uzito unaoandikwa, mara nyingi kilo 35 au 45, ni wa jozi, si wa reli moja.

Randa_na_Msasa
Mkuu Keekee yuko sawa, ila kuna mtego. Za vijigurudumu hutengenezewa nafasi ya mm 12.5 kila upande. Za gololi zinataka 12.7. Wewe una 25 jumla, zinahitajika 25.4. Nusu milimita inaonekana si kitu, lakini gololi hazisamehe: droo itakuwa nzito katikati ya safari, na watu husingizia reli mbovu.

Kabla ya kununua, pima upana wa ndani wa kabati mbele, katikati na nyuma, kwa kila droo. Mbavu za chipbodi za kabati refu hupinda nje kidogo katikati, hasa kama hadibodi ya nyuma imelegea. Kwa hiyo kwanza rudishia misumari ya hadibodi, kabati likae skwea (kona hadi kona, vipimo viwili vilingane), ndipo upime. Ukipata 469 au zaidi huna kazi ya ziada. Ukipata 468 kavu, fungua droo, punguza mbao ya mgongo na ya mbele kwa mm 1, kutoka 419 hadi 418, kwa msasa namba 80 uliofungwa kwenye kibao ili ukingo ubaki mraba. Hadibodi ya chini nayo ipunguze mm 1. Usijaribu kuranda ubavu wenyewe, melamini itapasuka vipande.

Nafasi ikizidi, yaani zaidi ya mm 27 jumla, weka kipande cha fomeka (shiti nyembamba ngumu ya kubandika juu ya mbao) nyuma ya reli. Droo yako ni pana kuliko urefu wa reli, na droo ya namna hiyo ikiwa na uhuru mwingi hukaa mshazari ukivuta kwa mkono mmoja.

Fundi_Chipbodi
Matobo yaliyolegea: toboa kwa biti ya mm 8, kina mm 12 (funga utepe kwenye biti uwe alama, ubavu ni 16 tu), tia gundi nyeupe ya mbao, gongea kijiti cha mbao cha mm 8, acha usiku mzima, kata usawa, toboa upya mm 2.5. Njiti za kiberiti na gundi zinashika kwa muda tu, droo ya nguo itazing'oa.

Keekee32
Fundi, njia hiyo ni nzuri ila hapa haihitajiki. Reli ya zamani ilikaa kwenye ukingo wa chini wa droo. Ya gololi inakaa ubavuni, juu zaidi, kwa hiyo matobo mapya yanaangukia chipbodi nzima. Ya zamani ayaache, au ayazibe kwa sababu ya macho tu.

Mpangilio, MtiMkavu:

Kabla ya kung'oa chochote, pima kutoka sakafu ya kabati hadi ukingo wa chini wa kila droo, andika. Ukipoteza kipimo hiki, nyuso za droo zitagongana.

Tenganisha reli: vuta hadi mwisho, bonyeza ulimi mweusi wa plastiki, chomoa kipande cha ndani. Hicho ndicho cha droo. Kifunge ubavuni, ukingo wake wa chini ukiwa mm 30 kutoka chini ya droo, ncha ya mbele ikilingana na nyuma ya uso. Skrubu 3.5×10, si ndefu zaidi, maana ubavu ni 12.

Kwa kabati, kata vibao viwili vya plaiwudi vyenye kimo sawa: kipimo chako cha droo ya juu kabisa, ongeza 30, kisha toa tofauti kati ya ukingo wa chini wa kipande cha droo na ukingo wa chini wa reli ya kabati, uipime reli ikiwa imeunganishwa. Visimamishe ndani, laza reli juu yake, funga kushoto na kulia. Kisha vikate vifupi kwa droo inayofuata, ushuke hivyo hivyo hadi chini. Kwa kukata badala ya kupima kila mara, pande mbili haziwezi kutofautiana. Reli ya kabati irudi ndani mm 2 kutoka ukingo wa mbele. Ikitokeza, uso hautafunga. Ikizama sana, uso utagonga kabati kabla utaratibu wa kujifunga haujamaliza kuvuta. Skrubu 3.5×15, tobo la kuanzia mm 2.5.

Anza na matobo marefu ya mviringo pekee. Yanakuruhusu kusogeza. Ukiridhika ndipo ufunge yale ya duara.

Randa_na_Msasa
Naongeza: kabla ya kuingiza droo, vuta ile fremu ya gololi iliyo ndani ya reli ije mbele kabisa, pande zote mbili. Ukiiacha nyuma na kusukuma kwa nguvu, ncha ya kipande cha droo inaikunja na gololi zinamwagika sakafuni. Reli hiyo hairudi tena. Na usipake grisi nzito wala oili ya injini, vumbi litashikamana nayo.

MtiMkavu (Tanga)
Asanteni sana. Nimepima katikati, napata 469.5 kwa droo tatu, ya chini 468. Nimefunga ya juu: inakwenda vizuri ila inakwaruza karibu na mwisho. Na sakafu ya droo ni hadibodi ya mm 3, imelegea katikati.

Keekee32
Ya chini iko karibu na sakafu ya kabati, haiwezi kupinda, kwa hiyo hiyo moja punguza kama alivyosema Randa. Mkwaruzo wa mwisho wa safari mara nyingi ni kichwa cha skrubu ya nyuma kimesimama. Kitazame kwa tochi. Kikiwa kimekaa mshazari, kitoe, toboa upya wima, au tumia skrubu yenye kichwa bapa zaidi.

Hadibodi: pima nafasi iliyo chini yake hadi ukingo wa ubavu. Ikiwa mm 10, upapi wa plaiwudi ya mm 9, upana 60, unaingia kutoka mbele hadi nyuma katikati. Gundi, kisha skrubu moja kuingia mbao ya mgongo na kona ndogo ya chuma upande wa uso.

Fundi_Chipbodi
Hamjagusa la kuanguka. Reli zinazofunguka mwisho zinapeleka mzigo mbele zaidi ya zile za robo tatu, na kabati la chipbodi lenye droo mbili au tatu wazi linaweza kupinduka, zaidi mtoto akipanda droo kama ngazi. Mwaka 2016 IKEA, kampuni ya samani, iliwataka wateja warudishe makabati ya droo yapatayo milioni 29 nchini Marekani kwa sababu hiyo, baada ya vifo vya watoto. Funga kona mbili za chuma juu nyuma, kwenye mbavu za kabati na si kwenye hadibodi. Ukutani plagi za plastiki za mm 8 na skrubu 5×50. Ukuta wa tofali za simenti zenye uwazi ndani, toboa penye kiungo cha udongo wa simenti, plagi isizunguke tu.

MtiMkavu (Tanga)
Kona nimepata. Swali dogo: droo ya juu nataka kuitoa, ulimi wa kushoto unabonyea lakini wa kulia haukubali.

Randa_na_Msasa
Reli zote mbili ni kitu kimoja kilichogeuzwa, kwa hiyo ulimi mmoja unapanda na mwingine unashuka. Bonyeza kushoto juu, kulia chini, au kinyume chake, kwa wakati mmoja, huku ukivuta.