Eti "macho yako ndiyo hayana 4K"! Huyu muuza TV tumfanye nini?

Kioo_Cheusi:
Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule wa Kariakoo mwenye ukuta mzima wa TV zinazowaka mpaka nzi wanatafuta miwani ya jua. Huyo huyo.

Swali lilikuwa la kistaarabu kabisa: "Kaka, hii filamu unayotuonyesha ni 4K kweli?" Yaani picha ya pikseli 3840 kwa 2160. Jibu, mbele ya wateja wote na kijana wake wa kubeba maboksi: "TV yangu haina shida, macho yako ndiyo hayana 4K."

Macho! Hayana 4K!

Haya, tuitazame hiyo filamu yenyewe. Iko kwenye flashi. Bonyeza info kwenye rimoti: saa mbili, GB 1.4. Pigeni hesabu na mimi. GB 1.4 ni kama megabiti 11,200. Gawa kwa sekunde 7,200, unabaki na megabiti moja na nusu hivi kwa sekunde. Netflix kwa 4K wanataka intaneti ya megabiti 15. Diski halisi ya 4K inaruhusiwa kuvuka 100. Wewe una moja na nusu, halafu unamtukana mtu macho? Hiyo ni video ya simu iliyovalishwa suti ya baba yake. Kuandika "4K" kwenye jina la faili hakuongezi hata pikseli moja.

Na flashi nyingi za GB 32 kushuka chini zinatoka dukani zikiwa na mpangilio wa mafaili uitwao FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Kwa hiyo hata angetaka kuweka filamu ya maana, flashi ingeikataa mpaka aifomati exFAT au NTFS. Hilo hajui. Anachojua ni macho ya watu.

Sasa picha. Uso wa mwigizaji umelainika kama mshumaa, vinyweleo hakuna, jasho hakuna. Anga la jioni lina ngazi, unaweza kulipanda. Kwenye giza, ukuta umekatika matofali matofali. Na yeye kaweka Vivid, ule mtindo wa rangi kali, sharpness (ukali wa kingo) mpaka mwisho, kila herufi ina mstari mweupe pembeni kama imepakwa chokaa. Ile ya kulainisha mwendo nayo imewashwa, filamu ya fremu 24 inatembea kama tamthilia ya mchana. Uchafu wote huo unaonekana, kwa macho haya haya yasiyo na 4K!

Mtu anakuja na milioni na ushee mfukoni, unamwambia macho hayana 4K. Semeni kitu wadau.

SitiYaMbele:
Nimewahi siti ya mbele. Karanga zipo.

FundiRimoti:
Mkuu kabla hatujamchoma jamaa, TV ilikuwa inchi ngapi na ulisimama wapi? Maana kwenye inchi 55 pikseli moja ya 4K ina upana wa milimita 0.32 hivi. Jicho zima linaitenganisha mpaka kama mita 1.1. Pikseli ya 1080p (picha ya 1920 kwa 1080) ni kubwa mara mbili, hiyo inaonekana mpaka mita 2.2. Ukivuka hapo, 4K na 1080p kwenye inchi 55 ni ndugu mapacha. Kama ulikuwa mlangoni mita nne, basi jamaa kasema kweli: macho yako hayakuwa na 4K, na ya kwangu yasingekuwa nayo.

Kioo_Cheusi:
Inchi 55, mita moja na nusu. Pua ilikuwa inakaribia kioo. Na ngazi za anga haziulizi umbali, hizo unaziona hata ukiwa upande wa pili wa barabara. Usimtetee.

FundiRimoti:
Simtetei, napima. Mita moja na nusu unatakiwa uione tofauti. Haya, una haki.

Mzee_wa_Bando:
Kosa ni lako. Unaendaje kupima TV kwa flashi ya muuzaji? Hiyo ni sawa na kumwomba mwenye mizani ya wizi akupimie nyama mara ya pili. Ungeenda na flashi yako. Video dakika tatu tu, ukiichukua kwa megabiti 50 ni kama GB 1.1, inaingia hata kwenye FAT32. Badala yake umeenda mikono mitupu, umerudi na matusi.

Shangazi_Pikseli:
Mzee wa Bando kapatia, ila mwanangu shida kubwa ni uchaguzi wa filamu, na hapo wauzaji karibu wote wanaanguka. Wanaweka filamu ya magari na milipuko kwa sababu ina kelele. Kelele siyo picha.

Kwanza ujue, filamu nyingi za kuuzwa kama 4K nakala mama yake ilimaliziwa 2K, yaani nusu ya upana wa 4K, halafu ikakuzwa. Mad Max: Fury Road ya 2015 ni mojawapo. Ukitaka pikseli za kweli, tafuta iliyopigwa kwa mkanda mpana au kamera kubwa na ikamaliziwa 4K. Lawrence of Arabia ni ya 1962, ilipigwa kwa mkanda wa milimita 65, negativu ikaja kuskaniwa kwa 8K. Weka ile jangwa, mtu anatokea mbali kwenye mvuke wa joto. TV mbovu itamgeuza uchafu wa kioo, TV nzuri utamwona ni mtu juu ya ngamia. Filamu ya kabla ya uhuru wa Kenya inaiangusha filamu ya mwaka jana!

Pili, pande za giza juu na chini. Filamu nyingi ni pana, uwiano 2.39, yaani upana ni mara 2.39 ya kimo. Kwenye kioo cha 3840 kwa 2160 picha yenyewe inabaki na kimo cha pikseli 1,600 hivi, yaani milioni sita badala ya milioni nane na robo. Ndiyo maana kwa kuonyesha TV mimi nasema wanyama. Planet Earth II ya BBC, 2016, inajaza kioo chote, ina manyoya, magamba, majani, maji. Manyoya hayadanganyi. Zile pande nyeusi za filamu pana nazo zina kazi yake: zima taa uzitazame. Zikiwa za kijivu, hiyo TV haina weusi.

Tatu, usimwonyeshe mtu Blade Runner 2049 dukani. Imepigwa vizuri mno, ila nakala yake ya HDR (ile ya mwanga na rangi pana zaidi) haipandishi mwanga sana, na kwenye duka lenye taa sita kichwani utaona moshi tu, mteja aseme TV imekufa.

Nyaya_Nyingi:
Shangazi heshima yako, ila hapo kwa Mad Max nakupinga. 2K sawa, lakini jangwa la rangi ya chungwa na ule moto usiku wa bluu, kwenye TV yenye HDR ya kweli, mtu anatoa hela bila kuuliza bei. HDR na rangi jicho linaziona hata mita tatu. Pikseli huzioni. Mimi ningeanza na hiyo kila siku.

Shangazi_Pikseli:
Kwenye TV yenye HDR ya kweli, umesema mwenyewe. Zile za bei ya kutupa zina mwanga wa niti 250, 300, zimebandikwa stika ya HDR. Zinapokea ishara ya HDR lakini mwanga wa kuionyesha hazina, kwa hiyo zinaipunguza yote na picha inakuwa giza kuliko ya kawaida. Hapo Mad Max wako anakuwa na jangwa la udongo wa mfinyanzi.

Kioo_Cheusi:
Na yeye alisema "hii ina HDR" huku ile alama ya HDR inayochomoza kwenye kona filamu ikianza haikutokea hata sekunde moja! Nilipomwuliza ndipo akaja na ya macho. MACHO wakuu.

SitiYaMbele:
Tumeshasikia ya macho mkuu. Nenda kapimwe tuendelee.

MtuWaChanika:
Asiye na flashi afungue YouTube pale pale dukani, video ya mandhari iliyoandikwa 2160p, ndiyo 4K hiyo, kisha kwenye setingi awashe "Stats for nerds". Isome namba, siyo jina la video. Ikisema 1920x1080 ujue intaneti ya duka imeshusha ubora, au ni programu ya TV yenyewe haifiki 4K. Usihukumu kioo kabla ya hapo. Na rimoti uombe, uweke mtindo wa picha wa Filmmaker Mode au Cinema. Muuzaji akikunyima rimoti, ondoka.

Mzee_wa_Bando:
YouTube kwa bando la nani? 4K ya Netflix inakula kama GB 7 kwa saa. Filamu moja GB 14. Hapo ndipo malalamiko ya kweli yalipo. Unanunua TV ya 4K, unaangalia 480p ili bando lifike Ijumaa. Na picha wanakuletea kulingana na kasi ya intaneti, jioni saa mbili kila mtu akiwa hewani inashuka yenyewe, inakuwa ukungu katikati ya sinema. Uzi huu ungekuwa wa bando ningeuunga mkono.

KilindiniKwetu:
Hapa Mombasa nyinyi mwalia picha, wenzenu twalia sauti. Mtu atia filamu nzuri, ya GB 50, picha yang'ara, sauti kimya! Sababu ni DTS, aina ya sauti iliyomo kwenye faili. TV za Samsung tangu 2018 haziisomi kutoka kwa flashi, na LG za 2020 hadi 2022 hali kadhalika. Muuzaji akwambia spika zimeungua, akuuzia saundba. Dawa ni kuchagua nakala yenye sauti ya AC3 au kuibadilisha sauti peke yake kwa kompyuta, picha usiiguse. Dakika chache tu.

Bibi_Antena:
Afadhali nyie mna filamu. Mimi kisimbuzi kinatoa 1080i na nusu ya chaneli ni SD, ule ubora wa chini wa zamani. Mpira kwenye inchi 65 wachezaji hawana sura, namtambua kipa kwa glavu. Anayeuza kisimbuzi naye alisema "unganisha kwa waya wa HDMI itakuwa 4K". HDMI inabeba kilichomo, haipiki!

Nyaya_Nyingi:
Bibi umenikumbusha HDMI. Aliye na PlayStation au deki ya diski za 4K, mlango wa HDMI mara nyingi umefungwa toka kiwandani. Samsung washa Input Signal Plus, LG washa HDMI Ultra HD Deep Colour, Sony chagua Enhanced format. Usipowasha, HDR huenda isije, halafu unalaumu diski.

Kioo_Cheusi:
Jamani turudi kwenye mada. Mtu kaambiwa macho hayana 4K.

Bibi_Antena:
Mwanangu, kipa hana pua.

MtuWaChanika:
Mada ya kweli ni mafundi wa kutundika. Matundu nyuma ya TV yako milimita 400 kwa 200, fundi analeta breketi ya 200 kwa 200, anashika mawili ya upande mmoja, ya upande wa pili anaacha. Tofali za block zenye uwazi ndani anapiga fisha ya plastiki ya milimita 6. Kilo kumi na tano zinaning'inia kwa maombi.

KilindiniKwetu:
Na skrubu je? Wangu alitia ndefu, kioo kimepata doa jeupe katikati.

MtuWaChanika:
Imegusa paneli kwa nyuma. Matundu mengi ni ya skrubu M6 au M8, yaani unene wa milimita 6 au 8. Ingiza kwa mkono kwanza bila breketi, hesabu mizunguko mpaka ikwame, hicho ndicho kina. Halafu ongeza unene wa bati la breketi na wa washa (kile kiduara cha chini ya kichwa cha skrubu), usizidishe. Ikikataa kwa mkono usitie bisibisi ya umeme.

KilindiniKwetu:
Yeye alitia ya umeme.

MtuWaChanika:
Basi huyo namjua.