Tangi la maji ya mvua ushago: ninunue la plastiki au nijenge la simiti?

MwanaMutomo

Hamjambo wote. Naomba mnisaidie kabla sijatumia pesa ambazo nikizipoteza sitazipata tena.

Mimi nashona sare za shule hapa Kayole, Nairobi, lakini nyumbani ni Kitui kusini, ukipita Mutomo. Mama anaishi huko na wajukuu wanne, wawili wangu na wawili wa kaka yangu. Maji yao ya kunywa yanatoka kwenye mto mkavu. Watu huchimba mchanga mpaka maji yatokeze, halafu wanateka kwa kata kidogo kidogo mpaka mtungi ujae. Mama ana punda mmoja anayebeba mitungi minne. Hutoka alfajiri na kurudi jua likiwa limeshakolea. Ikifika Septemba shimo linakuwa refu kumpita, lazima mtu mmoja ashuke na mwingine apokee. Kuna kisima cha pampu kilicho karibu zaidi, lakini maji yake yana chumvi. Sabuni haitoi povu, na maharagwe yanashinda jikoni bila kuiva.

Miaka 3 iliyopita tulijenga tangi la mawe, la pembe nne. Fundi alilimaliza kwa siku nne, akalipwa, akamwambia mama aliache likauke vizuri juani. Mvua ya Novemba ikaja, maji yakafika kifuani. Nilipoenda Krismasi nilikuta michirizi myeupe inashuka kwenye pembe moja. Nikapitisha kidole pale, ukucha ukaingia kwenye ufa. Kufikia Februari tangi lilikuwa tupu, na chini tulipata majani yaliyooza na mjusi. Watoto walikuwa wameharisha tangu Januari na sisi tulidhani ni maembe.

Mama alikuwa ameuza mbuzi watatu kusaidia ile kazi. Aliponipigia simu hakulaumu mtu. Alisema tu, "Maji yamerudi chini." Maneno hayo sijayasahau.

Sasa ndugu zangu na mimi tumechanga tena, tuna shilingi 130,000. Nyumba ni ya mabati, mita 8 kwa 6, paa la migongo miwili. Nataka maji ya kunywa na kupikia tu, yatoshe kutoka mvua moja mpaka nyingine. Je, lita ngapi? La plastiki au la kujenga? Na hayo maji yatakuwa safi kweli, mtoto anywe? Tuko Agosti, vuli haiko mbali.

FundiKariobangi

Dada, pole sana kwa yaliyopita. Mimi ni fundi wa mjengo, karakana yangu iko Kariobangi, ila matangi nimejenga zaidi Machakos na Makueni. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu kosa ulilofanyiwa nalijua, na linaniudhi kila nikilisikia.

Tuanze na hesabu. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inakupa lita moja. Paa lako ni mita 48 za mraba. Chukua msimu mmoja wa milimita 300, ondoa sehemu moja kwa tano ya kumwagika na kukauka kwenye mabati, unabaki na lita kama 11,500. Sasa upande wa matumizi: watu watano, mitungi miwili kwa siku ya kunywa na kupikia, ni lita 40. Kiangazi cha siku 150 kinataka lita 6,000. Kwa hiyo tangi la lita 10,000 linawatosha na kubaki, mradi maji hayo yasifue nguo wala kunywesha mbuzi. Ya kufulia yaendelee kutoka kule mnakoyapata sasa. Watu wengi wanajenga tangi kubwa ajabu, halafu paa halina uwezo wa kulijaza.

Kitu kingine, je, gata ziko pande zote mbili za paa? Naona nyumba nyingi zenye gata upande mmoja tu. Hiyo ni nusu ya mvua imemwagika. Wewe unahitaji mita 16 za gata, ziinamishwe sentimita moja kwa kila mita kuelekea tangi. Usipime kwa macho. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, jaza maji, yale maji ya ncha mbili yatakuonyesha ulalo.

Kuhusu plastiki na simiti, nitakuwa mkweli ingawa mimi nauza kazi ya simiti. Plastiki unaiweka leo, kesho ikinyesha unakinga. Fundi hana nafasi ya kuiharibu. Ubaya wake ni kwamba itakula pesa nyingi pamoja na lori, na ikipasuka, mtu wa kijijini hana la kufanya. La simiti likivuja, chokora ufa, ziba, maisha yanaendelea. Lakini simiti inataka mtu wa kuinywesha maji. Kama hakuna mtu huyo, nunua plastiki na usijilaumu.

Tangi lenu lilipasukia pembeni kwa sababu maji yanasukuma kuta, na pembe ndiyo inayobeba mzigo. Tangi la mviringo halina pembe ya kuonewa. Hili ninalokushauri halitumii mawe ukutani. Unasimamisha wavu wa BRC, ule wa vyuma vilivyochomelewa, kwa duara, unaufunga waya wa kuku ndani na nje, nje unazungushia magunia, kisha unapiga plasta ndani. Ikishika, unatoa magunia unapiga nje. Ukuta mzima ni kama sentimita 5. Mchanganyiko ni simiti moja kwa mchanga tatu, na maji machache, usikubali uji. Plasta ya kila upande imalizwe siku moja, kwa sababu pale unapolala na kuanza tena kesho ndipo maji yatatafutia njia. Mwisho piga niru ndani, yaani rojo la simiti na maji.

Mchanga wa mto mnao, bahati yenu. Lakini upime. Tia mchanga nusu kwenye chupa ya nusu lita, ongeza maji, tikisa sana, uache usiku. Asubuhi utaona udongo umelala juu ya mchanga kama krimu. Ukiwa mwingi, osha mchanga au uende juu zaidi mtoni.

Na sasa lile la "liache likauke juani". Hapo ndipo tangi lenu liliuawa. Simiti haipati nguvu kwa kukauka, inapata nguvu kwa maji. Ikikaushwa mapema inajikunja na kupasuka nyufa ndogo ambazo huzioni. Plasta ikishashika, magunia yaliyoloweshwa yarudi ukutani, yamwagiwe asubuhi, adhuhuri na jioni kwa wiki tatu. Nguvu yake kamili huhesabiwa siku 28. Ukianza wiki ya kwanza ya Septemba, vuli itakukuta tayari. Na hata kiangazi, msilimalize kabisa, acheni maji ya kina cha kiganja chini.

Udongo ukiwa mweusi ule unaofura na kupasuka, msijenge hapo kabisa. Mwekundu ni sawa, chimba mpaka ufikie mgumu.

Kabla ya yote nipe kipimo kimoja: kutoka ardhini mpaka chini ya gata ni urefu gani? Lita 10,000 zinaweza kuwa tangi la upana wa mita 2.6 na kimo cha mita 2, au upana wa mita 3 na kimo cha mita moja na nusu. Paa likiwa chini, hilo la kwanza halitaingia, na utakuwa umenunua wavu bure.

MuuguziEmbakasi

Mama watoto, hiyo harisho ya Januari huenda haikuwa maembe. Mvua yenyewe hushuka safi, uchafu unaupata kwenye paa: kinyesi cha ndege, vumbi la miezi mitano, majani. Kwa hiyo maji ya kwanza yasiingie kwenye tangi.

Nyumbani kwetu tuliweka bomba la kusimama kabla ya tangi, limefungwa chini. Mvua ikianza, maji machafu yanajaza bomba hilo, likijaa ndipo yale ya nyuma yanapita kwenda tangini. Kwa paa lako lita 24 hivi zinatosha kuosha. Bomba la inchi 6 lenye urefu wa mita moja na nusu linabeba lita 26. Chini weka kizibo cha kufungua, chenye tundu dogo la kudondosha, liwe tupu mvua nyingine ikija.

Tangi lifunikwe kabisa, na bomba la kumwagia ziada liwe na wavu wa mbu. Maji yatoke kwa mfereji (koki) tu, mtu asitie ndoo ndani. Mfereji uwe juu ya sakafu ya tangi kidogo, kwa sababu tope hulala chini. Mti ulioegemea paa ukatwe matawi.

Hata hivyo, ya kunywa yatibiwe. Yachemke, au utie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusubiri dakika 30. Kuni zikiwa shida na dawa imeisha, tia maji kwenye chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, zisizozidi lita mbili, uzilaze juu ya mabati kwenye jua kali kwa muda wa saa sita nzima. Siku ya mawingu ziache siku mbili. Mtibu maji ya mtungini, msipoteze dawa kwenye tangi zima.

MtuWaFaza

Assalaam aleikum. Mimi natoka Lamu, visiwani, sasa niko Eastleigh. Nasoma hapa nikikumbuka jabia la kwetu. Jabia ni kama birika kubwa lililochimbwa chini, na mbele yake pana uwanja uliosakafiwa ukielekea shimoni. Mvua inaangukia uwanja, inateremka. Wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kijiji kizima kikinywa humo.

Naliunga mkono la muuguzi kuhusu ndoo. Jabia letu kila mtu alitumbukiza ndoo yake na kamba yake iliyoburura chini, na uwanja usipofagiwa kabla ya msimu, kila kitu kiliingia. Bibi yangu alikuwa na zamu ya kufagia na hakuiacha hata akiumwa. Kama mama yako ana watu wa kumsaidia, wapange mapema nani anapanda kuosha paa na gata kabla ya tone la kwanza.

MwanaMutomo

Nimesoma yote mara mbili, na jana usiku nikampigia mama, nikamsomea maneno ya fundi pole pole. Nilipofika pale pa kuinywesha simiti alininyamazisha, akasema, "Sasa huyo wa kwanza mbona alinikataza nisiguse?" Angalimwagia maji bila kuambiwa mara mbili. Mtu anayeamka saa kumi kwenda mtoni angeshindwaje kumwagia ukuta?

Mtoto wa kaka amepima. Kutoka ardhini mpaka kwenye gata ni mita 2 na sentimita 10. Na kweli gata ni upande mmoja tu. Udongo ni mwekundu.

Tumeamua kujenga. Mama yuko kwenye mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, na wanawake kumi na moja. Wamekubali kuchimba msingi na kusomba mchanga, na maji ya kumwagia wiki zile tatu watayaleta kwa zamu na punda zao, kutoka kisima cha pampu. Fundi, hayo ya chumvi yanafaa kwa simiti? Na ile bomba ya inchi 6 naipata wapi? Ijumaa nataka kupita kwa mafundi wa mabati wa Kamukunji kuagiza gata, nizipakie kwenye basi pale Machakos Country Bus, kituo cha mabasi hapa Nairobi.

FundiKariobangi

Mita 2.10 basi ni lile la upana wa mita 3 na kimo cha moja na nusu. Ukiondoa msingi na mwinamo wa gata bado una nafasi ya bomba na mfuniko.

Maji ya chumvi usitumie, hasa kuchanganyia. Chumvi inakula waya ndani ya ukuta na hutaona mpaka kutu itokeze nje. Ya kuchanganyia yatoke mtoni, na ya kumwagia pia mkiweza. Najua ni safari nyingi, lakini mwethya wakigawana, kila mmoja ataenda siku mbili tu kwa wiki.

Kamukunji watakukunjia gata kwa kipimo chako, waambie mabati ya geji 28 (ndio unene wa bati), na vishikilio kila mita moja. Bomba la inchi 6 uliza maduka ya mabomba ya maji taka, mita mbili na kizibo cha kuzungusha. Beba na mpira wa kupimia, mita kumi. Huko Mutomo huenda usiupate.