Carthage: mji wa Hannibal wenyewe uko wapi?

msafiri_tu: Wakuu habari zenu, mwezi ujao niko Tunis kikazi nataka nipite Carthage. Ila kila picha naona ni Waroma tu, yale mabafu ya Antoninus pale baharini. Mji wa Hannibal, yule jemadari wa Carthage aliyepigana na Waroma, ulifutwa wote?

bahari_kuu: Haukufutwa wote mkuu, panda kilima cha Byrsa. Waroma waliuchoma mwaka 146 KK, baadae enzi za kaizari wao Augusto wakajenga mji wao hapohapo, wakakata kilele cha kilima kupata uwanja tambarare na kifusi wakakimwaga kwenye miteremko, sasa hicho kifusi ndo kilichozifunika nyumba za zamani zikapona. Utaona vyumba vidogovidogo, sakafu za chokaa zenye vipande vya marumaru nyeupe, na matangi ya maji chini ya nyumba. Juu kabisa kuna kanisa la Wafaransa la 1890, yani tabaka juu ya tabaka.

mama_Z: Msiishie kwa Waroma jamani! Wavandali, kabila la Kijerumani, waliuteka 439 BK, wakaja Wabizanti (Waroma wa mashariki), halafu Waarabu 698. Mawe mengi yalibebwa kujenga Tunis, ukiingia msikiti wa Zitouna angalia nguzo, nyingi zilitolewa kwenye majengo ya kale. Mi naona bila Zitouna hujaiona Carthage.

bahari_kuu: Kweli kabisa dada. Na bandari ya duara ya meli za kivita bado ipo, maji yametulia katikati ya nyumba za watu, mwanahistoria wa kale Appian aliandika ilikuwa inaingia meli 220.

msafiri_tu: Asanteni sana, naanza na Byrsa asubuhi kabla jua halijawa kali.