Naomba ushauri: marudio ya dhahabu yameingia kwenye majaruba yangu

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Nzega, Tabora, nalima mpunga kwenye mbuga iliyo chini ya karasha la dhahabu, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Pale juu kuna rundo la marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu, laini kama unga, halijaota hata jani. Mvua za Januari zimelimega, tope la kijivu likashuka na korongo hadi kwenye majaruba yangu mawili ya juu.

Hofu yangu si zebaki ya kukamatia dhahabu peke yake. Mawe ya dhahabu mara nyingi huwa na aseniki, pengine na madini ya risasi, vyote sumu, na metali hizi hushikamana na chembe laini, zilezile ambazo maji huzibeba mbali zaidi. Haziozi. Tena jaruba likituamisha maji, aseniki huachia udongo na mpunga huifyonza kirahisi. Wanangu ndio watakaoula wali huo!

Mwenye karasha anasema nisubiri kiangazi. Je, nilikwangue tope sasa? Nikalitupe wapi? Sampuli nichukue kina gani kabla ya kuzipeleka maabara ya udongo, mfano SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo)? Na makinga maji pamoja na majani ya vetiva, yale ya mizizi mirefu ya kushika udongo, yatalizuia rundo lile kweli? Aliyepitia hili anisaidie haraka, mpunga unakaribia kuchanua.